Neno la Kuandika Mlangoni

Karakana
6 Aprili 1987

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu kutoka kwa watu wote wa nyumba hii. Sote wazima, isipokuwa kidole gumba changu ambacho nimekipiga nyundo tena. Wifi yako anasema kidole hicho kina bahati mbaya, mimi nasema kina macho mabaya, maana nyundo ilikuwa inaonekana wazi.

Nina jambo nataka unisaidie, wewe uliyesoma. Mchora mabango amehamia mtaa wetu na amewashika watu kama homa. Kinyozi wa pembeni kaandikiwa "Modern", na mkasi wake ni ule ule alionikatia nywele siku ya harusi yangu. Mshona viatu kaandikiwa "International", mtu ambaye hajawahi kuvuka hata daraja. Juzi akanijia mimi. Akaupima mlango kwa macho, akasema, "Fundi, kwako naona 'Sincere'. Sincere Furniture. Linakukaa." Nikamuuliza maana yake nini. Akasema ni neno zuri tu, huwa linakaa mwisho wa barua za wakubwa.

Sasa wewe unamjua marehemu Baba. Mlango huu ni wake. Siwezi kutundika juu yake neno nisilolijua, halafu kesho mtu aje aniambie nimejitukana mwenyewe kwa rangi nyekundu. Basi nichimbie neno hilo mpaka mizizini, limetoka wapi na lilikuwa linafanya kazi gani kabla ya kuja kukaa kwenye barua za wakubwa. Mchoraji nimemwambia asubiri, na amenuna.

Mwanao Bibi Mdogo hajambo? Nahesabu ametimiza miezi saba. Bado analala kwenye kitanda nilichomtengenezea? Kikitoa mlio, niambie. Mbao hulia kidogo zikizoea nyumba, si kitu, lakini niambie. Wifi yako anacheka, anasema nimeuliza hivyo katika barua tatu mfululizo. Ni ubao wa Baba ule, ndiyo maana nauliza.

Msalimie shemeji.

Kaka yako,
Fundi


Nyumba za Walimu
15 Aprili 1987

Kaka Fundi,

Barua yako imenikuta katikati ya insha arobaini na mbili za "Siku Ambayo Sitaisahau", na thelathini kati yake ni ajali ya baiskeli. Nilipofika kwa mshona viatu wa kimataifa nikacheka mpaka shemeji yako akaja kuuliza kama nimepata kichaa. Umeniokoa.

Haya, kaa kitako. Neno lako ni la Kilatini. Mwalimu wangu wa chuo alitueleza hivi: "sine" maana yake bila, na "cera" maana yake nta. Zamani hizo, huko Rumi, mchonga sanamu akikosea patasi na jiwe likapata ufa, alikuwa anayeyusha nta, anaichanganya na vumbi la lile jiwe, anaziba ufa, anasugua mpaka pang'ae. Mnunuzi anachukua sanamu yake, anaiweka uani, anaita wageni. Jua linapanda, nta inalainika, pua ya mheshimiwa inaanguka kwenye sahani ya mgeni. Basi mafundi waaminifu wakawa wanatangaza sokoni: ya kwangu haina nta! Na mtu wa namna hiyo, ambaye ndani ni vile vile alivyo nje, ndiye akaitwa kwa neno hilo.

Sasa niambie, kaka, neno hilo limkae nani kama si wewe? Mchoraji wako hajui alichokuokotea. Wewe ufa huuzibi, wewe unaukata na kuutupa, kama Baba. Mwenye shaka na aje kwangu akione kitanda cha Bibi Mdogo. Analala humo kama malkia. Hakijatoa hata mlio mmoja, na kila nikikitazama najiambia, huyu ndiye fundi asiyejua nta.

Mwambie aandike, tena kwa herufi kubwa. Baba angekubali.

Mdogo wako,
Mwalimu


TELEGRAMU
22 Aprili 1987

USIMLAZE MTOTO KITANDANI. BARUA INAKUJA. NISAMEHE. KAKA


Karakana
22 Aprili 1987

Mdogo wangu,

Nimetoka posta sasa hivi. Karani aliposoma maneno ya telegramu aliniangalia akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia atume tu, aache maswali. Kama barua hii imetangulia, basi simama hapo hapo ulipo, mtoe mtoto kitandani, kisha urudi usome.

Umeshamtoa? Basi.

Najua kwamba unajua. Sijui umegundua lini, lakini barua yako nimeielewa. Ungenitukana ningevumilia. Wewe umenizungusha Rumi nzima, ukanionyesha masanamu na masoko, halafu mwishoni ukanichoma kwa upole: "huyu ndiye fundi asiyejua nta". Nilikuwa nimesimama mlangoni, mchoraji yuko pembeni yangu na brashi yake, ananiuliza, "Vipi, anasemaje dada?" Nikamwambia arudi siku nyingine.

Sasa nakuambia mwenyewe, usije ukasema nilingoja kubanwa. Unaukumbuka ule ubao mwekundu wa Baba, ulioegemea ukutani miaka kumi na moja, hakuna aliyeruhusiwa kuugusa? Habari zako zilipofika kwamba umejifungua, baada ya miaka tisa ya kungoja, nilisema leo ndiyo siku yake. Mjukuu alalie mti wa babu yake. Nikaupiga randa, ukatoa harufu ya karakana ya zamani, nikalia kidogo, sikufichi. Ulinitosha kila kitu, barabara. Kipande cha mwisho nikakifanya mfumbati, ule wa ubavuni unaobeba uzito wote. Nilipochonga ulimi wa kuingia kwenye mguu, yaani tendegu, nikauona ufa. Mwembamba kama uzi, lakini unakwenda ndani.

Baba angeukata. Nami nilijua. Lakini nikiukata, ubao haufiki, na mwingine wa Baba haupo. Ningetafuta mbao ya dukani, basi. Kiburi kikanikataza. Nilishakuandikia kwamba kitanda kizima ni cha ubao wa Baba. Nikayeyusha nta, nikaichanganya na unga wa msumeno, nikaziba, nikapiga msasa, nikapaka vanishi mara tatu. Kesho yake mimi mwenyewe niliutafuta ule ufa nikaukosa. Nikajiambia umepona. Mti hauponi, mdogo wangu. Hilo najua tangu nina umri wa kushika tupa.

Na kuna jambo baya zaidi. Unakumbuka Baba hakuwa anatoa kitanda karakana mpaka amekilalia mwenyewe? Wateja wanangoja nje, yeye amelala chali, mikono kifuani, anasikiliza. Mimi vitanda vyote nimevilalia hivyo, mwaka hadi mwaka. Hicho kimoja sikukilalia. Nilisema ni cha mtoto, nitaingiaje? Uongo. Niliogopa kitasema nini.

Tangu lori liondoke nacho sijatulia. Kila barua yako nikiifungua natafuta kwanza jina la mtoto. Niambie tu kwamba hajadondoka. Mengine niseme utakavyo, nitakubali.

Kaka yako


TELEGRAMU
24 Aprili 1987

MTOTO MZIMA KABISA. HAJAWAHI KULALA HUMO HATA SIKU MOJA. NISAMEHE WEWE. BARUA INAKUJA. MDOGO WAKO


Nyumbani
25 Aprili 1987

Wifi yangu,

Naandika mimi leo kwa sababu kaka yako hajakaa kitako tangu jana, anazunguka mtaa mzima na telegramu yako. Usiogope, ni furaha tu.

Jana mtu wa posta alipoingia karakana na ile karatasi, mume wangu aliikataa. Kweli tena! Alirudi nyuma mpaka akagonga rundo la mbao, akasema, "Mpe mama watoto." Nikaifungua mimi. Nikasoma kwa sauti. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Hapo pa kwanza tu, rudia." Nikamwambia, mtoto mzima kabisa, umesikia, mzima, kabisa! Basi akateremka taratibu mpaka chini, akakaa juu ya maranda, akajifunika uso. Sikujua analia au anacheka, nadhani yote mawili. Halafu akainua kichwa ghafla: "Hajawahi kulala humo? Barua tatu ananiandikia analala kama malkia! Mwongo mkubwa yule!" Na hapo akacheka mpaka kinyozi akaja kuchungulia na mteja wake nusu kichwa kimenyolewa.

Siku mbili alikuwa hali chakula. Jana alimaliza sufuria, akauliza kama ipo nyingine.

Sasa wifi, tuko wawili tu hapa, niambie. Hicho kitanda mlikuwa mnakifanyia nini?

Wifi yako


Nyumba za Walimu
30 Aprili 1987

Kaka yangu,

Soma pole pole, na umsomee wifi, maana nadaiwa majibu na nyote wawili.

Kwanza, sikujua lolote. Naapa. Uliniuliza maana ya neno, nikakupa niliyofundishwa. Barua yako ya ufa ilipofika niliisoma nimesimama uani na sabuni mikononi. Masikini kaka yangu! Mimi nilijiona mwerevu na hadithi zangu za Rumi, kumbe kila neno lilikuwa msumari.

Pili, Bibi Mdogo. Kitanda chako kilipofika, walimu wote walikuja kukitazama. Nikakitandika. Nikamlaza. Nikahesabu mpaka ishirini, nikamtoa. Siku ya pili nikafika thelathini. Kaka, miaka tisa nilikuwa naamka peke yangu. Nikimweka mbali na kifua changu nahisi nitageuka nimkute hayupo, kama kwamba nilimwota. Kwa hiyo analala juu yangu, na shemeji yako amebaki na ukingo wa godoro, analala ubavu ubavu kama barua kwenye bahasha. Na mimi ndiye ninayewafundisha akina mama vijana wa hapa kwamba mtoto azoeshwe kitanda chake! Ningekuandikiaje hayo, wewe uliyenitumia mti wa Baba? Nikaandika analala kama malkia.

Wifi ameuliza tulikuwa tunakifanyia nini. Tulikuwa tunawekea madaftari. Ya madarasa matatu, na juu yake kamusi zote.

Na tatu, hili ndilo lililonifunga mdomo. Kitanda kilivunjika mwezi wa tatu, wiki mbili kabla hujaniuliza neno. Nilikuwa jikoni na mtoto mgongoni, nikasikia kwaa! Nikakimbia. Ubavu mmoja umepasuka penye tendegu, na madaftari yako sakafuni mpaka mlangoni. Niliketi katikati yake nikalia. Nilidhani nimeua ubao wa Baba kwa uvivu wangu wa kununua kabati. Ndiyo maana nilikusifia vile. Niliogopa ukihisi kitu ungepanda basi uje, na ningekuonyesha nini?

Na penye mpasuko, kaka, palikuwa na kitu cha manjano. Nilikibandua, nikakifinyanga vidoleni, nikasema huu ni utomvu wa mti. Kilikuwa hapa mezani, nakichezea, siku niliyokuandikia habari za nta! Labda harufu yake ndiyo iliyonikumbusha mwalimu wangu wa chuo. Sijui. Shemeji yako tangu nimweleze anaingia chumbani, ananitazama, anatoka anacheka.

Sasa funga mkanda, bado moja. Baada ya barua yako nilikwenda kwa mzee aliyekuwa anafundisha Kilatini hapa, anaishi nyuma ya maktaba na paka wawili. Nilitaka nihakikishe. Nilipofika kwenye pua iliyoanguka kwenye sahani alinyoosha mkono nikanyamaza. Akasema hiyo ni hadithi ya kuamshia wanafunzi wakati wa mchana. Imesimuliwa sana, lakini wataalamu hawaikubali. Nta haimo kabisa! Neno la Kirumi lenyewe ni "sincerus", nalo lilimaanisha kitu safi, kizima, kisichochanganywa. Na wataalamu wanadhani chini kabisa kuna mizizi miwili ya kale, mmoja wa kusema "moja" na mwingine wa kusema "kukua". Yaani kitu kilichokua kikiwa kimoja, hakikuungwa popote. Nikamwambia, mzee, kaka yangu ni seremala, hilo atalielewa kuliko mimi na wewe.

Kwa hiyo ona mambo yetu. Nilikutumia hadithi isiyo ya kweli, ndani ya barua yenye uongo, na wewe ukanirudishia ukweli mtupu kwa telegramu na barua. Ningekupa maana sahihi tangu mwanzo, ungekuwa bado unafungua barua zangu unatafuta kwanza jina la mtoto, nami ningekuwa bado naficha mfumbati nyuma ya pazia.

Haya, kaka. Nisamehe, nami sina cha kukusamehe, maana ufa wako ulibeba kamusi tu. Lori la shule linakuja huko wiki ijayo kuchukua madawati. Nimemkabidhi dereva kitanda na vipande vyote, hata ile nta nimeifunga kwenye karatasi. Fanya unavyoona.

Mdogo wako


Karakana
25 Mei 1987

Mdogo wangu mwongo,

Kitanda kinarudi kwako na dereva yule yule. Mwambie shemeji asikipokee kwa mkono mmoja, sasa ni kizito.

Mifumbati nimetoa yote miwili, na nimeweka mipya ya mbao ya dukani, kila mmoja kipande kimoja, hakina kiungo. Niligeuza mbao mpaka muuzaji akachoka nami. Nilikuwa namwambia nataka iliyokua ikiwa moja, na yeye anajibu, "Fundi, zote zilikuwa miti." Rangi haifanani na ya Baba. Imepauka kidogo. Sikuipaka dawa ya kuficha, iache ijulikane. Matendegu na kichwani bado ni ubao wake.

Ule mfumbati wenye ufa nimeukata ubavu nikaupiga randa, na ndio bango langu. Mchoraji alipouona alishtuka. "Fundi, huu umepasuka." Nikamwambia ndiyo, chora pembeni ya ufa, usiuguse. Akauliza achore neno gani sasa, maana nimemsumbua miezi miwili. Nikamwambia lile lile la kwanza. Akataka kujua mwishowe dada alisema maana yake nini. Nikamwambia kaa kitako, nikamsimulia ya Rumi yote, na pua, na sahani, halafu nikamwambia si kweli. Amenuna tena. Lakini ameandika vizuri, na watu wakipita wanasimama kutazama ule ufa. Mshona viatu ananiambia nimeharibu mtaa.

Sasa sikiliza. Gundi ya kitanda ilipokauka, nilifunga mlango wa karakana mchana kweupe. Nikavua viatu. Nikaingiza mguu mmoja, nikaingiza wa pili, nikajikunja magoti yakafika kidevuni, nikalala. Nikanyamaza kama Baba. Hakikusema kitu. Nikajitikisa, nikajigeuza upande wa pili, bado kimya. Kutoka ndiko kulikonishinda. Wifi yako alisukuma mlango akanikuta humo, mtu mzima mwenye mvi, mikono imebanwa kifuani, miguu inaning'inia nje. Aliita majirani kwanza ndipo akanisaidia. Kinyozi ameuliza nikilia usiku nani ataninyamazisha.

Jambo la mwisho. Ubavu mmoja nimeushusha, ule utakaogusana na kitanda chenu. Nimempima wifi yako mkono, mko sawa kwa urefu. Kiweke upande wako. Ukilala chali, kiganja chako kinafika kifuani kwake bila kunyanyuka, utamsikia anavyopumua mpaka asubuhi. Na shemeji yangu arudishiwe godoro lake, amevumilia vya kutosha.

Kimenibeba mimi, mdogo wangu, na tumbo langu lote. Mlaze mtoto.

Kaka yako,
Fundi